Statini, kitambi na mishipa ya damu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yaleyale yanayorudi kila wiki kwenye dirisha la kutolea dawa, mengi yakiulizwa kwa sauti ya chini huku mwulizaji ameshika karatasi ya maabara iliyokunjwa mara nne. Aliyekwisha kuanza statini, yaani dawa za kushusha kolesteroli, anaweza kuruka hadi swali la 8. Dozi yako ibadilishwe na aliyekuandikia, si na ukurasa huu.

## Mambo ya msingi

1. Sindromu ya umetaboli ni ugonjwa gani hasa?

Si ugonjwa mmoja, ni kundi la dalili zinazopenda kutembea pamoja. Zipo tano, na mtu akiwa na tatu anahesabiwa kuwa nayo: kiuno kipana, trigliseridi (aina ya mafuta ya kwenye damu) kuanzia 150 mg/dL (1.7 mmol/L), HDL, ile inayoitwa mafuta mazuri, iliyo chini ya 40 mg/dL kwa mwanamume au 50 kwa mwanamke (1.0 na 1.3 mmol/L), presha kuanzia 130 ya juu au 85 ya chini, na sukari ya kabla ya kula kuanzia 100 mg/dL (5.6 mmol/L). Kama unameza dawa ya presha na presha imetulia, dalili hiyo bado ni yako.

Aliyeunganisha mambo haya mwaka 1988 ni daktari Gerald Reaven wa Marekani, aliyeyaita Sindromu X na kudai kwamba mzizi wake ni usugu wa insulini, yaani mwili kuacha kuitikia insulini ipasavyo. Ajabu ni kwamba kitambi hakikuwemo kwenye orodha yake ya kwanza. Kiliongezwa baadaye, na leo ndicho kinachotajwa mwanzo.

2. Kiuno kinapimwa wapi? Namba ya suruali haitoshi?

Haitoshi. Wengi huvaa suruali chini ya tumbo, na tumbo linabaki nje ya hesabu. Papasa ubavu wa chini kabisa, kisha papasa ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi kamba ya cherehani ipite katikati ya sehemu hizo mbili, juu ya ngozi. Toa pumzi kawaida, usibane tumbo, ndipo usome. Kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara na Ulaya mpaka unaotumika sana ni sentimita 94 kwa wanaume na 80 kwa wanawake. Kwa wenye asili ya Asia Kusini na China, wanaume hushuka hadi 90. Miongozo ya Marekani imekuwa ikitumia 102 na 88.

3. Tatizo langu ni tumbo na sukari. Mishipa ya damu inaingiaje hapa?

Inaingia tangu mwanzo, kabla hujahisi lolote. Ndani ya kila mshipa kuna utando wa seli uliopangwa safu moja tu, unaoitwa endotheli. Kazi yake kubwa ni kutoa gesi ya oksidi ya nitriki, inayoamuru msuli wa mshipa ulegee ili damu ipite kwa raha. Ugunduzi wa kazi ya gesi hiyo uliwapa Robert Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Insulini haishughuliki na sukari peke yake. Nayo huichochea endotheli itoe gesi hiyo. Usugu ukiingia, njia hii ya kulegeza mshipa hudhoofika, lakini njia nyingine ya insulini, inayochochea mshipa ujibane, huendelea kama kawaida. Kongosho linaongeza insulini ili kufidia, na kumbe linaikoleza njia mbaya. Presha inapanda.

Wakati huohuo mafuta ya ndani ya tumbo yanamwaga asidi za mafuta kuelekea ini. Ini linazifunga kwenye chembe zilizojaa trigliseridi na kuzirudisha kwenye damu. Chembe hizo zikibadilishana mizigo na nyingine, HDL inapungua na LDL, ile inayoitwa mafuta mabaya, inakuwa midogo na mizito. Chembe hizi hupenya ukuta wa mshipa, hubadilika kwa oksijeni, na seli za kinga huja kuzila mpaka zinavimba kwa mafuta. Hapo ndipo plaki inapoanza, ule uvimbe wa mafuta ukutani ambao ukipasuka damu huganda juu yake na kuleta mshtuko wa moyo au kiharusi.

4. Statini zinafanya nini mwilini?

Zinazuia kimeng'enya kimoja cha ini kinachohitajika katika kutengeneza kolesteroli. Ini likipungukiwa, linaongeza vipokezi vya LDL juu ya seli zake na kuivuta kutoka kwenye damu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kushuka unakoona kwenye karatasi hakutokani na kutengeneza kidogo, bali kunatokana na ini kusafisha zaidi.

Ya kwanza kabisa ilitoka kwenye kuvu: Akira Endo wa Japani aliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kupima maelfu ya kuvu. Lovastatini ndiyo iliyotangulia kuidhinishwa Marekani, mwaka 1987. Zinazoandikwa zaidi leo ni atorvastatini, rosuvastatini na simvastatini. Utazitambua kwa mwisho wa majina yao.

## Kuisoma karatasi ya maabara

5. LDL yangu iko karibu na kawaida. Kwa nini nimeandikiwa statini?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu niliwahi kulijibu vibaya. Mzee mmoja alinionyesha LDL ya 114 mg/dL, nikamwambia hiyo si ya kutisha. Sikuitazama mistari mingine. Jumla ilikuwa 200, HDL 34, trigliseridi 260.

Maabara nyingi haziipimi LDL moja kwa moja, huikokotoa. Unachukua jumla, unatoa HDL, kisha unatoa trigliseridi iliyogawanywa kwa 5: 200 kutoa 34 kutoa 52, unabaki na 114. (Kwa mmol/L unagawanya kwa 2.2.) Lakini ile 52 iliyotolewa haikuyeyuka. Ni kolesteroli iliyo ndani ya chembe nyingine, nazo hupenya ukuta wa mshipa vilevile. Kolesteroli yote isiyo ya HDL kwa mzee yule ilikuwa 166. Namba hiyo haikuandikwa popote, ingawa kuipata ni kutoa mara moja tu: jumla kutoa HDL.

Kuna jambo la pili. LDL inapokuwa midogo, kiasi kilekile cha kolesteroli hubebwa na chembe nyingi zaidi. Ni kama kuhesabu abiria na kusahau magari: abiria ni walewale, magari barabarani yameongezeka. Kipimo cha apoB, protini iliyo juu ya chembe hizo, huhesabu magari, kwa kuwa kila chembe yenye madhara imebeba apoB moja. Kikipatikana, kiombe. Kisipopatikana, tumia kolesteroli isiyo ya HDL, lengo lake kwa kawaida ni 30 mg/dL (0.8 mmol/L) juu ya lengo la LDL.

Na trigliseridi zikizidi 400 mg/dL (4.5 mmol/L), ukokotoaji huo wa LDL hauaminiki kabisa.

6. Je, kila mwenye sindromu hii lazima ameze statini?

Hapana. Mwenye historia ya mshtuko wa moyo, kiharusi cha mshipa kuziba au mshipa wa mguu ulioziba ameze, na kwa dozi ya nguvu. Mwenye kisukari aliye kati ya miaka 40 na 75 miongozo mingi inasema ameze, hata LDL ikiwa ya wastani. LDL ikifika 190 mg/dL (4.9 mmol/L), anza bila kusubiri hesabu nyingine.

Aliyebaki nje ya makundi hayo hupigiwa hesabu ya hatari ya kupata mshtuko wa moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo. Mwongozo wa Marekani wa 2018 unaitaja sindromu ya umetaboli kuwa jambo linaloongeza uzito upande wa kuanza dawa pale hesabu inapoangukia katikati. Kwa kijana wa miaka 28 mwenye kitambi na HDL ya chini, mimi ningeanza na viatu vya kutembelea kabla ya kidonge.

7. Trigliseridi zangu ni nyingi mno. Statini itazishusha?

Kiasi, mara nyingi kati ya asilimia 10 na 30. Zikipita 500 mg/dL (5.6 mmol/L), wasiwasi wa haraka ni kongosho kuvimba, na hapo daktari anaweza kutanguliza fibrati, dawa za kushusha trigliseridi. Hata hivyo, kushusha trigliseridi pekee hakujatoa faida iliyotarajiwa kwa moyo: mwaka 2022 jaribio la PROMINENT lilitumia pemafibrati, mojawapo ya fibrati, kwa watu wenye kisukari ambao wengi wao walikuwa tayari kwenye statini. Trigliseridi zilishuka, matukio ya moyo hayakupungua.

## Kumeza dawa

8. Nimeze asubuhi au usiku?

Simvastatini imezwe jioni, kwa sababu haikai sana mwilini na ini hutengeneza kolesteroli nyingi zaidi usiku. Atorvastatini na rosuvastatini hukaa muda mrefu; saa yoyote ni sawa, mradi iwe ileile.

9. Nimesahau kidonge cha jana.

Meza cha leo kwa saa yake. Usimeze viwili.

10. Dozi haitoshi. Tukiizidisha mara mbili, LDL itashuka mara mbili?

Hapana, na hili huwashangaza hata wahudumu wa afya. Kila ukizidisha dozi mara mbili, unaongeza takriban asilimia 6 tu ya kushuka kwa LDL. Kazi kubwa hufanywa na dozi ya kwanza. Ndiyo maana pengo likibaki, mara nyingi ni busara kuongeza ezetimibi, inayozuia kolesteroli kufyonzwa utumboni, kuliko kuirundika statini ileile. Jaribio la IMPROVE-IT la 2015, lenye wagonjwa 18,144, lilionyesha kuwa nyongeza hiyo hupunguza matukio ya moyo.

11. Nirudi kupima lini?

Wiki 4 hadi 12 baada ya kuanza au kubadilisha dozi. Ukipima siku ya tano hutajua kitu.

12. Majibu yamekuwa mazuri. Sasa naweza kuacha?

Mama mmoja alinirudishia pakiti iliyobaki nusu, kwa furaha kabisa: "Nimepona mwanangu, mpe mwingine." Mafuta yalikuwa mazuri kwa sababu ya dawa, wiki chache baada ya kuacha, LDL hurudi ilikokuwa. Ukipunguza uzito sana na sindromu yenyewe ikaondoka, jadilianeni upya na daktari. Lakini karatasi nzuri peke yake ni ushahidi kwamba kidonge kinafanya kazi.

## Madhara na hofu

13. Misuli inaniuma. Ni statini?

Inawezekana, lakini uwezekano ni mdogo kuliko watu wanavyodhani. Uchambuzi uliochapishwa 2022 uliunganisha majaribio makubwa ya kulinganisha statini na kidonge bandia. Waliolalamikia misuli walikuwa asilimia 27.1 kwa statini na asilimia 26.6 kwa kidonge bandia. Watu wazima huumwa misuli, dawa au bila dawa. Tofauti ndogo iliyokuwepo ilijitokeza zaidi katika mwaka wa kwanza.

Jaribio la SAMSON lilifika mbali zaidi. Watu 60 waliokwisha kuziacha statini kwa sababu ya madhara walipewa chupa 12: 4 za statini, 4 za vidonge bandia na 4 tupu, moja kila mwezi kwa mpangilio wa bahati nasibu. Asilimia 90 ya mateso waliyoyapata kwa statini waliyapata pia kwa kidonge bandia. Maumivu hayakuwa uongo, waliumwa kweli. Kilichowaumiza zaidi ni tendo la kumeza kidonge wanachokiogopa. Nusu yao walirudi kwenye dawa.

Madhara ya kweli ya misuli yapo, ingawa ni adimu. Ukiona udhaifu wa mapaja kiasi cha kushindwa kunyanyuka kitini, maumivu makali ya pande zote mbili, au mkojo wa kahawia iliyokoza, acha dawa na nenda hospitali siku hiyohiyo. Ukafanyiwe kipimo cha CK, kimeng'enya kinachovuja kwenye damu misuli ikiumia. Kwa maumivu ya kawaida, mara nyingi dawa husimamishwa kwa wiki chache kisha hurudishwa kwa dozi ndogo au kwa statini nyingine.

14. Nimesikia statini zinaleta kisukari. Mimi niko ukingoni tayari!

Umesikia kweli, na hofu yako ina msingi kuliko ya mwingine yeyote. Uchambuzi wa 2010 ulikadiria kwamba watu 255 wakimeza statini kwa miaka 4, mmoja zaidi atapata kisukari. Na huyo mmoja hatokei popote tu: karibu kila mara ni mtu aliyekuwa ukingoni, yaani mwenye sindromu hii hii.

Sasa weka upande wa pili wa mizani. Katika jaribio la JUPITER la rosuvastatini, waliokuwa na angalau kigezo kimoja cha kuelekea kwenye kisukari walitazamwa peke yao. Kwa kila visa 54 vipya vya kisukari, matukio ya mishipa au vifo 134 viliepukwa. Waliopata kisukari kwenye statini walikigundua wastani wa wiki 5.4 mapema kuliko wa kidonge bandia. Dawa ilikuwa kama inamsukuma mtu aliyekwisha kufika mlangoni.

Ushauri wangu: meza, lakini pima sukari kabla ya kuanza na angalau kila mwaka. Na usisahau kwamba kuondoka ukingoni kunawezekana. Mpango wa Marekani wa kuzuia kisukari, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki kulipunguza visa vipya kwa asilimia 58, wakati metformini, dawa ya kisukari, ilipunguza kwa 31.

15. Nina mafuta kwenye ini. Statini haitalimaliza?

Haitalimaliza. Ini la mafuta ni ndugu wa karibu wa sindromu hii, na wenye nalo hufa zaidi kwa moyo kuliko kwa ini. Vipimo vya ini hufanywa kabla ya kuanza. ALT, kimeng'enya cha ini kinachopimwa kwenye damu, ikipanda zaidi ya mara 3 ya kiwango cha juu cha kawaida, ndipo dawa husimamishwa na kuchunguzwa. Anayekatazwa ni mwenye ini lililokwisha kushindwa kazi.

16. Dawa gani hazipatani na statini?

Simvastatini, lovastatini na, kwa kiasi kidogo, atorvastatini huvunjwa na kimeng'enya kimoja ambacho dawa nyingine hukizuia. Klarithromaisini na erithromaisini, itrakonazoli, na ritonaviri ni za kuangaliwa. Siklosporini na gemfibrozili huleta shida kwa statini nyingi. Juisi nyingi ya balungi nayo imo. Ukiandikiwa antibiotiki ya siku 7, sema unameza statini. Mara nyingi jibu ni kuisimamisha statini kwa siku hizo chache.

## Ndani ya mshipa

17. Statini zinazibua mishipa iliyoziba?

Kama unawaza bomba la maji na dawa ya kulizibua, sivyo. Jaribio la ASTEROID la 2006 lilitumia rosuvastatini miligramu 40 kwa miezi 24, na picha zilizopigwa kutoka ndani ya mshipa zilionyesha plaki imenywea kweli, ila kwa kiasi kidogo.

Faida kubwa iko kwenye tabia ya plaki, si ukubwa wake. Plaki hatari ni ile laini, yenye mafuta mengi na kifuniko chembamba. LDL ikishuka kwa muda mrefu, mafuta ya ndani hupungua, kifuniko hunenepa, seli za kinga hutulia. Endotheli nayo huongeza oksidi ya nitriki, na hili huonekana mapema, ndani ya wiki. Wataalamu bado wanabishana ni sehemu gani ya faida hiyo inatokana na LDL kushuka na ipi ni kazi ya dawa moja kwa moja kwenye ukuta wa mshipa. Kwa anayemeza, ubishi huo haubadilishi kitu. Kinachohesabika ni hiki: kila LDL inaposhuka kwa 1 mmol/L, matukio makubwa ya mishipa hupungua kwa takriban asilimia 22.

18. Nimemeza miaka mitatu, na kalisi (kalsiamu) kwenye mishipa ya moyo imeongezeka. Dawa imeshindwa?

Si lazima. Statini hugeuza plaki laini kuwa ngumu, na kalisi ni sehemu ya ugumu huo. Alama za kalisi zinaweza kupanda huku hatari ikishuka. Ndiyo maana haipendekezwi kurudia kipimo hicho ili kuikagua statini. Tumia LDL na kolesteroli isiyo ya HDL (swali la 5).

## Hali za pekee

19. Ninapanga kupata mtoto, au nimegundua nina mimba.

Mweleze daktari mapema. Tangu 2021 mamlaka ya dawa ya Marekani imeondoa katazo la moja kwa moja, ila bado inashauri wengi waache wakishajua wana mimba. Wenye hatari kubwa sana huamuliwa mmoja mmoja. Uliyemeza kabla ya kujua, usiingiwe na kiwewe. Kunyonyesha huku unameza hakushauriwi.

20. Ninaishi na VVU.

Jaribio la REPRIEVE la 2023, lenye watu 7,769 wenye hatari ya chini hadi ya wastani, lilitumia pitavastatini na matukio makubwa ya moyo yakapungua kwa asilimia 35. Kwa hiyo uliza, hata kama LDL ni nzuri. Kama dawa zako za VVU zina ritonaviri au kobisistati, simvastatini ni marufuku kwako.

21. Figo zangu ni dhaifu.

Atorvastatini haihitaji kupunguzwa. Rosuvastatini inahitaji kwa figo zilizochoka sana. Aliyefikia kusafishwa damu kwa mashine kwa kawaida haanzishwi upya, ila aliyekuwa anameza kabla huendelea.

22. Nimejaribu aina tatu, zote zimenishinda. Basi tena?

Kwanza hakikisha majaribio hayo yalikuwa ya haki (swali la 13). Jaribu dozi ndogo ya rosuvastatini siku mbili au tatu kwa wiki. Kwa kuwa hukaa mwilini muda mrefu, bado inashusha LDL kwa kiasi cha maana. Ikishindikana, kuna ezetimibi, kuna asidi ya bempedoiki iliyopunguza matukio ya moyo mwaka 2023 kwa watu wasioweza statini, na kuna sindano za kuzuia PCSK9, protini inayopunguza vipokezi vya LDL kwenye ini.

23. Si afadhali virutubisho vya mchele mwekundu uliochachushwa? Ni vya asili.

Kinachoshusha kolesteroli ndani ya mchele huo kinaitwa monakolini K, ambayo ndiyo lovastatini yenyewe, jina tu limebadilika. Tofauti ni kwamba kwenye kidonge cha dawa unajua ni miligramu ngapi, na kwenye kopo hujui.